Mikono Ilipimwa, Macho Hayakupimwa: Uchambuzi wa Ajali ya Mountain View ya 2018

Saa tatu na dakika 27 asubuhi ya tarehe 23 Machi 2018, gari aina ya Tesla Model X lilikuwa likielekea kusini kwenye barabara kuu ya US-101, katika mji wa Mountain View, jimbo la California nchini Marekani. Dereva wake, mhandisi mwenye umri wa miaka 38, alikuwa njiani kwenda kazini kwa njia aliyoizoea. Kompyuta ilikuwa imeshika mwendo, kompyuta ilikuwa imeshika usukani, na binadamu alitakiwa kuangalia tu. Mahali ambapo US-101 inaachana na tawi la kushoto linaloelekea barabara ya jimbo SR-85, gari liliiacha njia yake taratibu, likaingia katika ile pembetatu ya lami inayotenganisha barabara mbili, likagonga ncha ya ukuta kwa mwendo wa kilomita 114 hivi kwa saa. Lilizunguka, sehemu ya mbele ikakatika kutoka sehemu ya nyuma, na magari mengine mawili yakaligonga. Betri ilishika moto. Wapita njia walimtoa dereva kabla ya miali kulifunika gari lote, lakini alifariki hospitalini kutokana na majeraha yake.

Nimekichagua kisa hiki kati ya vingi vya aina yake kwa sababu gari lenyewe liliacha kumbukumbu za karibu kila sekunde, na kwa sababu Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama NTSB, ilizichunguza kwa karibu miaka miwili kabla ya kutoa uamuzi wake tarehe 25 Februari 2020. Ushahidi wa namna hiyo haumruhusu mtu kukimbilia jibu jepesi, liwe la kwamba mashine iliua au la kwamba dereva alijitakia. Ninavyouona mimi, ubovu ulikaa katikati ya hao wawili: gari lilipewa kazi ya kuhakikisha kwamba dereva anafuatilia barabara, kisha likapewa kipimo ambacho hakikuwa na uwezo wa kulijulisha kama anafuatilia au hafuatilii.

Kwanza vifaa vyenyewe. Mfumo uliokuwa ukifanya kazi, ambao mtengenezaji anauita Autopilot, ni muungano wa vitu viwili. Kimoja ni kidhibiti mwendo kinachojirekebisha: dereva huchagua mwendo anaoutaka, gari huushika, na likikuta gari jingine mbele linalokwenda polepole zaidi hupunguza na kulifuata kwa umbali uliopangwa, kisha huongeza tena mara tu njia inapokuwa wazi. Kingine ni usukani unaojiongoza, ambao husoma mistari ya njia kwa kamera na kulishikilia gari katikati yake. Katika ngazi zinazotumiwa na wahandisi wa magari, kuanzia 0 hadi 5, muungano huu uko ngazi ya 2, na maana yake ni kwamba dereva hajapunguziwa wajibu wowote. Kilichopungua ni kazi ya mikono na miguu. Jina la mfumo limetoka kwenye urubani, na mtu wa kawaida akilisikia hufikiria zaidi ya hapo.

Siku ile mfumo ulikuwa umewashwa mfululizo kwa dakika 18 na sekunde 55. Dereva alikuwa ameuwekea mwendo wa maili 75 kwa saa, sawa na kilomita 120 hivi, katika barabara ambayo ukomo wake ni maili 65, au kilomita 105. Gari lilikuwa kwenye njia ya pili kutoka kushoto. Sekunde nane kabla ya mgongano lilikuwa likifuata gari jingine kwa kilomita 105 hivi kwa saa, chini ya mwendo uliowekwa, kwa kuwa gari la mbele ndilo lililokuwa likiamua. Zilipobaki sekunde saba, usukani ulianza kugeuka kushoto. Katika sekunde sita za mwisho hakukuwa na mkono uliohisiwa kwenye usukani. Zilipobaki sekunde nne, kompyuta haikuona tena gari la kulifuata. Ndipo, katika sekunde tatu zilizobaki, Model X ikaongeza mwendo kutoka kilomita 100 hadi 114 kwa saa. Hapakuwa na breki, hapakuwa na jaribio la kukwepa, wala onyo la mgongano halikulia.

Sekunde hizo tatu za mwisho zinahitaji kutazamwa kwa utulivu. Anayesikia kwamba gari liliongeza mwendo kuelekea ukutani hudhani kompyuta ilipatwa na wazimu, lakini hakuna kifaa kilichoharibika. Gari lililokuwa mbele liliendelea na njia yake, Model X ikawa imeshaiacha njia hiyo, na kwa hiyo mbele yake hapakuwa na gari tena. Kidhibiti mwendo kilifanya kile kile ambacho kila mtumiaji wake hukifurahia anapoondokewa na lori lililokuwa likimchelewesha, yaani kurudi kwenye mwendo alioagizwa. Agizo lilikuwa kilomita 120, gari lilikuwa kwenye 100, basi likakanyaga moto. Kila kifaa kilitimiza kanuni yake, na jumla ya kanuni hizo ikawa kifo.

Usukani nao ulikuwa na hoja yake. Barabara inapogawanyika, mstari wa kushoto wa njia moja na mstari wa kulia wa njia nyingine, ambao mwanzoni ni kama mstari mmoja, huanza kuachana. Kati yake huzaliwa pembetatu ambayo mwanzoni ni nyembamba, kisha hupanuka hadi ikawa na upana wa njia kamili. Binadamu anayeendesha akiwa macho hajiulizi mara mbili, kwa sababu anauona ukuta kule mbele, anaona kibao, anaona magari yote yakiikwepa sehemu ile, na anajua kwamba lami isiyopitwa na mtu ina sababu yake. Kwa kamera ya mfumo ule, mistari miwili yenye lami katikati ilikuwa ndiyo maana yenyewe ya njia. NTSB ilihitimisha kwamba mfumo uliliongoza gari ndani ya eneo hilo kwa sababu ya mipaka ya uwezo wake, na kwamba haukumpa dereva onyo lolote ulipofanya hivyo. Hapa ndipo penye hatari kubwa: mfumo ulioona shaka ungeweza kumwita dereva, lakini huu haukuwa na shaka.

Msomaji atauliza kwa nini basi breki za dharura hazikufunga, maana ukuta ni ukuta. Rada ya gari hupima umbali wa kitu na tofauti ya mwendo kati ya kitu hicho na gari. Vitu vilivyosimama barabarani ni vingi mno, kuanzia nguzo na mabango hadi kingo za madaraja, na kila kimoja hurudisha mwangwi. Gari likifunga breki kwa kila mwangwi wa namna hiyo halitaendesheka, na litagongwa kwa nyuma siku ya kwanza. Kwa hiyo mifumo mingi ya kizazi kile iliundwa kuupa uzito mdogo mwangwi wa kitu kisichosogea, hasa katika mwendo mkubwa, na kuupa uzito mwangwi wa kitu kinachokwenda. Mwongozo wa mtengenezaji uliliandika jambo hilo waziwazi: juu ya kilomita 80 kwa saa, kidhibiti mwendo kinaweza kutofunga breki pale gari linalofuatwa linapotoka mbele na kuacha kitu kilichosimama. NTSB nayo ilisema mfumo wa kuepusha mgongano haukuundwa kukitambua kizuizi cha aina ile, na haukukitambua. Onyo hilo la mwongozoni ni la kweli na linafaa kusomwa, ila sidhani kwamba sentensi katika kitabu cha mamia ya kurasa inaweza kubeba uzito wa jambo ambalo dereva atakutana nalo kwa sekunde tatu.

Tunafika kwenye kipimo cha mikono, ambacho kwangu ndicho kiini cha kisa chote. Gari lile lilijuaje kwamba dereva yuko tayari? Lilikuwa na kihisi cha msokoto kwenye usukani. Mtu akishika usukani, hata kwa mkono mmoja uliolegea, uzito wa mkono wake huupinga kidogo mzunguko wake, na kompyuta huhesabu upinzani huo kuwa ni uwepo wa dereva. Ukikosekana kwa muda fulani, maandishi hutokea kwenye dashibodi, na ukiendelea kukosekana, sauti hulia. Katika zile dakika karibu 19, dereva alipata maonyo mawili ya maandishi na moja la sauti, na yote yalitoka zaidi ya dakika 15 kabla ya ajali. Katika sekunde 60 za mwisho, mikono yake ilihisiwa mara tatu, kwa jumla ya sekunde 34.

Hesabu ya 34 kati ya 60 ina maana yake. Kwa kipimo cha mashine, huyo alikuwa dereva anayeridhisha, kwa kuwa zaidi ya nusu ya dakika ya mwisho ya safari alikuwa ameshika usukani. Robo saa nzima ilipita bila gari kuwa na sababu ya kumkumbusha lolote. Hata hivyo, katika sekunde sita za mwisho, ambamo gari lilisafiri kama meta 170, yaani zaidi ya uwanja mmoja na nusu wa mpira wa miguu, hakugeuza usukani wala hakukanyaga breki. Mtu aliye na jicho barabarani hawezi kukosa kuuona ukuta kwa umbali huo, mchana kweupe. Kilichopimwa kilikuwa mkono, kilichohitajika kilikuwa jicho, na hakuna daraja kati ya hivyo viwili, kwa sababu mtu anaweza kuegesha mkono kwenye usukani huku akisoma, akisinzia, au akitazama simu iliyo mkono wa pili.

Haiwezekani kusema kwamba jambo hili halikujulikana. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mwingereza Norman Mackworth alichapisha majaribio aliyoyafanya ili kuelewa kwa nini wasoma rada wa vitani hupitwa na ishara. Aliwaketisha watu mbele ya saa ambayo mshale wake, kwa nadra mno, uliruka hatua mbili badala ya moja, akakuta kwamba baada ya nusu saa tu uwezo wao wa kuugundua mruko huo ulikuwa umeshuka waziwazi. Binadamu amejaliwa kufanya kazi. Kukodolea macho kazi inayofanywa vizuri na mwingine, akingojea kosa ambalo huenda lisitokee leo, humshinda haraka, na hilo humpata mvivu na mchapakazi vilevile. Mfumo wa ngazi ya 2 humnyang'anya dereva sehemu ya kuendesha inayomweka macho, kisha humwachia ile inayomlaza.

Wala haiwezekani kusema kwamba njia nyingine haikuwapo. Mwaka 2017, mwaka mmoja kabla ya ajali hii, General Motors ilitoa mfumo wake wa Super Cruise kwenye Cadillac CT6, wenye kamera ndogo kwenye shina la usukani inayoangalia uelekeo wa kichwa na macho ya dereva, na uliokubali kuwashwa kwenye barabara kuu zilizokwisha kupimwa na kuchorwa tu. Sisemi kwamba mfumo huo hauna kasoro. Ninasema kwamba wahandisi wa wakati uleule, wakikabiliwa na swali lilelile, waliweza kupima macho.

Kwa upande wa dereva, ukweli unauma. Alikuwa amemwambia mke wake na rafiki yake kwamba mahali palepale gari lilikuwa na tabia ya kuvuta kushoto. Kumbukumbu za gari zilithibitisha maneno yake: mara moja Februari na mara nyingine siku nne kabla ya ajali, usukani ulivuta kushoto katika eneo hilo, naye akaurudisha. Wengi wamelitumia jambo hili kumhukumu, wakisema alijua na bado akaendelea. Mimi ninalisoma tofauti. Mara mbili zile alizofanikiwa kulirekebisha gari zilimfundisha kwamba kosa lile linarekebishika, kwamba yeye na gari lake wameshalizoea kama mtu anavyolizoea shimo lililo karibu na kwake. Kila alipolikwepa salama, hofu yake ilipungua badala ya kuongezeka, na hivyo ndivyo mazoea yanavyowafanyia hata madereva wazuri.

Asubuhi ile simu yake ya kazini ilikuwa na mchezo wa mkakati uliokuwa wazi wakati gari likienda. NTSB ilihitimisha kwamba yaelekea mchezo huo ndio uliomchukua mawazo, na hapo hakuna utetezi: kucheza kwenye simu ukiwa kwenye kiti cha dereva ni kosa, na angeweza kumuua mtu mwingine. Bodi iliwataka watengenezaji wa simu waweke njia ya kuzizuia zenyewe wakati mtu anapoendesha, na iliwagusa waajiri pia, kwa sababu mwajiri wake hakuwa na sera ya kukataza matumizi ya simu kwa wafanyakazi wanaoendesha.

Kuna jambo lililofanyika siku 11 kabla, ambalo wanaosimulia kisa hiki hulipita haraka. Mbele ya ncha ya ukuta ule palikuwa na kinga ya chuma iliyoundwa kujikunja inapogongwa, ili ifyonze kishindo badala ya mwili wa binadamu kukifyonza. Tarehe 12 Machi gari dogo la Toyota Prius liliigonga kinga hiyo. Kinga ilijikunja kama ilivyokusudiwa, na dereva wa Prius alinusurika. Polisi wa barabara kuu hawakuitaarifu idara ya barabara ya jimbo kama ilivyotakiwa, na idara yenyewe, kwa maneno ya NTSB, ilikuwa na udhaifu wa kimfumo katika kutengeneza kwa wakati vifaa vya aina hiyo. Model X ilikuta kinga iliyokwisha kutumika, ambayo haikuwa na nafasi ya kujikunja tena. Mtu mmoja aligonga mahali pale akaishi, mwingine akagonga palepale akafa, na kati yao palikuwa na taarifa ambayo haikutolewa.

Uamuzi wa NTSB uliyafunga yote hayo pamoja. Chanzo kikuu kilikuwa mfumo kuliongoza gari nje ya njia kwa sababu ya mipaka yake, pamoja na dereva kutochukua hatua kwa kuwa mawazo yake yalikuwa kwenye simu na kwa kuuamini mfumo kupita kiasi. Kilichochangia ni udhaifu wa gari katika kufuatilia umakini wa dereva, na kilichozidisha madhara ni ile kinga mbovu. Mwenyekiti wa bodi wakati huo, Robert Sumwalt, alilalamika hadharani kuhusu mapendekezo ya Septemba 2017, yaliyotolewa baada ya ajali ya Mei 2016 huko Williston, Florida, ambamo gari jingine la Tesla lilipita chini ya trela la lori lililokuwa likivuka. Watengenezaji sita waliombwa watafute njia bora ya kumfuatilia dereva na wazuie mfumo kutumika mahali usikotengenezewa. Watano walijibu. Tesla haikuwa imejibu.

Mabadiliko yamekuja polepole. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilianza kutumia kamera ya ndani ya gari kumwangalia dereva. Desemba 2023 ilirejesha kwa marekebisho ya programu magari zaidi ya milioni 2 nchini Marekani, kwa sababu mamlaka ya usalama barabarani iliona kwamba ulinzi dhidi ya matumizi mabaya ya usukani unaojiongoza haukutosha, na Aprili 2024 mamlaka hiyohiyo ikafungua uchunguzi wa kujua kama marekebisho yenyewe yalitosha. Mwezi huohuo, kesi iliyofunguliwa na familia ya marehemu ilimalizwa kwa makubaliano wakati ilipokuwa ikikaribia kusikilizwa, na kiasi kilicholipwa kikawekwa siri.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili limeshafika, ingawa si kwa jina la Tesla. Magari yaliyotumika kutoka Japani yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, yakiwemo Subaru yenye kamera mbili juu ya kioo cha mbele na Toyota za miaka ya karibuni, mengi yana kidhibiti mwendo kinachojirekebisha, na baadhi yana msaada wa usukani. Mengi huja na maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi na mwongozo wa Kijapani, kama mwongozo upo. Mnunuzi hubonyeza kitufe kwenye usukani, huona picha ya gari dogo ikiwaka, na kujifunza kazi yake akiwa tayari barabarani. Sentensi ile ya onyo, ambayo mhandisi wa California aliweza angalau kuisoma, huyu hawezi kuisoma.

Na kitu kilichosimama ndicho kitu cha kawaida zaidi kwenye barabara zetu kuu. Usiku, kati ya Voi na Mtito Andei, lori lililokatika ekseli hubaki palepale lilipokatikia, nusu yake likiwa ndani ya njia, na utingo hukata matawi na kuyalaza lamini meta kadhaa nyuma yake. Dereva wa barabara hiyo akiyaona matawi hupunguza mwendo kabla hajaliona lori. Rada iliyopangwa kutoshughulika na kitu kisichosogea haijafundishwa maana ya matawi, na gari lililokuwa likifuatwa likichepuka kulikwepa lori, kidhibiti mwendo kitaona njia iliyo wazi.